Siku Tulipolibomoa Lango la Ruhunga

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya kuchimbua mambo ya kale, mkishafika kijijini na miiko yenu na brashi zenu, swali la kwanza mtakaloulizwa halitakuwa la historia. Mtaulizwa fedha ya Mjerumani imefukiwa wapi. Mtacheka. Mtasema, hapana mzee wangu, sisi tunatafuta vigae vya vyungu. Mzee atawaangalia, ataitikia kwa heshima zote, na moyoni atasema hawa wanaficha. Mtu mwenye akili zake atoke mjini, alale kwenye hema, aunguzwe na jua wiki nzima hadi nyingine, kwa ajili ya chungu kilichovunjika? Hata mimi ningekuwa yeye nisingeamini.

Hilo nalisema mwanzo kabisa kwa sababu ndilo lililotaka kumuua mtu mbele ya macho yangu.

Mimi watu wananiita Mama Bwire. Nimestaafu, nakaa Musoma, nafuga kuku na kugombana nao. Nilianza kazi hii kama kibarua wa kuchekecha udongo, nikaishia kuwa msimamizi wa mashimo. Nimechimba sehemu nyingi za mkoa huu, lakini niliyokaa kuliko zote ni Ruhunga, kile kilima unachokiona ukitoka Butiama kuelekea upande wa Buswahili.

Mkisikia mji wa kale najua mnafikiria minara na makasri. Ruhunga haina mnara. Ina kuta za mawe zilizozunguka kilima, jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji, na bado zimesimama. Ndani yake utaona miduara ya mawe palipokuwa na nyumba, imesongamana kama vibanda vya sokoni. Ukitembea unakanyaga vigae vyenye michoro ya mistari, na mavi ya chuma, yale mabaki meusi ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma. Watu waliishi pale, wengi, wakafua majembe, wakafuga, wakaombea mvua, kisha wakaondoka. Walikuwa akina nani? Kila ukoo wa pale utakuambia ni babu zetu. Bosi wangu, Dokta Mrutu, alikuwa akiwajibu wote jibu moja: "Inawezekana kabisa." Akigeuka ananiambia, "Mama Bwire, tuendelee kuchimba."

Dokta alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia iliyochakaa mpaka ikapoteza rangi. Alinifundisha kila ninachokijua. Alinifundisha kwamba udongo una matabaka, na tabaka la chini limetangulia la juu, na ukiyachanganya umechana kitabu. Udongo wa tabaka lolote hautupwi. Unachekechwa, unaandikwa umetoka wapi, unahifadhiwa. Akikuona umetupa udongo kabla haujachekechwa, hakupigi kelele. Anakaa chini pale pale, anauokota kwa vidole. Hiyo ilikuwa inauma kuliko matusi.

Tulikuwaga na vichekesho vyetu pia. Msimu mmoja tuliibua taya, tukalizunguka siku nzima kwa brashi laini kabisa, Dokta mwenyewe amepiga magoti. Jioni mpishi wetu akaja kuangalia, akasema, "Hilo si la yule mbuzi wa mwaka jana? Mabaki nilifukia hapo." Tangu siku hiyo jalala la jikoni lilikaa mbali na mashimo, na nyinyi pia lichimbieni mbali.

Sasa nirudi kwenye lango.

Ukuta wa Ruhunga ulikuwa na malango. Kubwa lilikuwa la upande wa machweo, mawe mawili marefu yamesimama, jiwe la tatu limelala juu yake, na ukuta mzito umekaa kulia na kushoto. Mlinzi wake alikuwa Bibi Nyabweke, mama mzee aliyekaa chini ya kilima. Ukoo wake ndio waliokuwa wakiweka ulezi na maziwa pale chini ya lango mvua inapochelewa. Siku ya kwanza tulipofika alitupokea uani kwake, akamsikiliza Dokta mpaka mwisho, akasema:

"Chimbeni huko ndani. Lango msiliguse. Hata jiwe dogo. Hata kama limeanguka lenyewe."

Dokta akaahidi. Sote tukaahidi.

Lakini lango hilo hilo lilikuwa na watu wengine. Kulikuwa na kanisa dogo la pale senta, na waumini wake walikuwa wakipanda kilimani kila Ijumaa kufunga na kuomba. Watu wema, kwaya yao ilituimbia tukiwa mashimoni. Ila Mchungaji wao alikuwa na neno na lango. Alihubiri kwamba limefungwa na mizimu na litaanguka kama kuta za Yeriko. Ijumaa moja walilimwagia mafuta ya upako. Aliyeshika chupa alikuwa shemasi wao, Masatu, fundi pikipiki pale senta, baba wa watoto. Na Masatu alikuwa mjukuu wa Bibi Nyabweke, mtoto wa binti yake, aliyemlea mwenyewe tangu binti alipofariki. Tangu siku ya mafuta wale wawili hawakusalimiana. Alikuwa akipita mbele ya mji wa bibi yake na pikipiki ya mteja, anaangalia mbele tu, na bibi anaendelea kupepeta mtama kama hakuna aliyepita.

Mwaka ninaousema mvua iligoma. Mahindi yalifika magotini yakasimama. Watu wakitazama juu hawaoni kitu, lazima watazame pembeni watafute wa kumlaumu, na pembeni tulikuwepo sisi. Upande wa ukoo wakasema tumechokonoa. Upande wa kanisa wakasema tunafukua mapepo tunayaachia. Na Masatu akaongeza la kwake kwenye mkutano wa kijiji, nikiwa nimekaa hapo hapo:

"Mimi natengenezaga pikipiki, najua uzito. Ile mifuko wanayopakia kwenye gari si ya udongo. Wanatubebea fedha yetu."

Siku chache baadaye tulikuwa tunapeleka sampuli Musoma. Tukakuta magogo barabarani na wanaume wamesimama, wengine na rungu, Masatu katikati yao. Dereva akazima gari. Dokta akashuka, mikono inaonekana, akawasalimu. Hawakuitika. Wakafungua mlango wa nyuma, wakaanza kuchana mifuko na kuimwaga. Kazi ya msimu, nimeiandikia kila mfuko kwa mkono wangu, inamwagwa kwenye vumbi la barabara. Nilitaka kupiga ukunga. Dokta akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa. Udongo una mwenzake. Wewe huna."

Wakatafuta. Ikatoka mkaa, vikatoka vigae, ikatoka mifupa ya samaki. Mmoja akaishika juu. "Hii nini?"

"Kamongo," nikasema. "Watu wa zamani walimleta kutoka ziwani mpaka huku kilimani. Tunataka kujua walikuwa wanafanya biashara na nani."

Yule bwana akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mama, kamongo si mngenunua Musoma?"

Wawili watatu wakacheka. Rungu zikashuka kidogo. Masatu hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, anauchambua udongo kwa vidole, pole pole, kama sisi. Kisha akanyanyuka akaniambia, "Basi mmeiacha hukohuko." Nilimwona usoni. Hakuwa mwongo. Aliamini kabisa.

Gari likaharibika siku hiyo hiyo, tukalala Musoma kwa fundi siku mbili. Tuliporudi Ruhunga ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, umande bado upo kwenye nyasi. Mimi nilitangulia kupanda. Kabla sijafika langoni nikaona udongo mbichi.

Vijana wangu, jifunzeni kuogopa udongo mbichi usiowekwa na nyinyi. Ulikuwa umerundikwa ukingoni kabisa mwa shimo, ndiyo makosa ya kwanza, maana kifusi kinalemea ukingo. Shimo lenyewe lilikuwa limeingia chini ya ukuta, ubavuni mwa lile jiwe refu la kulia, jembamba kama la ngiri. Ndiyo makosa ya pili, nayo hayasamehewi. Ukuta usio na saruji unasimama kwa uzito wake. Ukiuondolea udongo wa chini hauna cha kushikilia. Na pembeni ya shimo zilikuwa kandambili mbili, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia msikitini.

Nikapiga magoti. Ndani nilisikia chuma kinagonga jiwe. Na juu ya kichwa changu nilisikia kingine, sauti ndogo mno, punje za udongo zinachuruzika kati ya mawe. Sauti hiyo nikiisikia hata leo nikiwa nimelala, nainuka nakaa kitandani.

"Wewe uliye ndani," nikasema. Sikupiga kelele. "Acha kugonga. Weka chini hicho ulichoshika. Toka kinyumenyume, taratibu."

Kugonga kukakoma. Kisha sauti ikasema, "Nani?"

"Mama Bwire. Toka, baba. Ukuta unashuka."

Nadhani kama ningekuwa mtu mwingine angetoka taratibu. Lakini alikuwa amenituhumu mbele ya kijiji, na sasa nimemkuta. Nilisikia anajigeuza kwa nguvu, mgongo wake ukapiga juu, na ukuta ukaketi. Hivyo ndivyo ulivyofanya, uliketi, kama mtu mzito anavyoketi kwenye kigoda. Vumbi likanirusha nyuma. Nilipofumbua macho shimo halikuwepo.

Ile sekunde nilikuwa sina mwili. Kisha nikajisikia napiga ukunga wa msiba, ule wa kwetu, na kilima kizima kikaupokea.

Dokta alifika mbio, kofia imeanguka. Akaniuliza maneno mawili tu: "Ni nani? Alikuwa anaelekea wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole mwili ulivyokaa. Akalala kifudifudi kwenye ufa uliobaki kati ya mawe, akaita. Akainua mkono tunyamaze. Tukanyamaza. Kutoka chini ikaja sauti ya kukohoa.

Yuko hai. Nawaambia, hofu iliongezeka badala ya kupungua. Aliyekufa hana haraka.

Watu walianza kufika, wachungaji wa ng'ombe kwanza, kisha wa senta kwa pikipiki na miguu. Mtu akaja na jembe, akataka kuchimba pale shimo lilipokuwa. Nikamsukuma. "Ukichimba hapa unamshushia mengine yote. Hatuingii kwa chini. Tunashuka kutoka juu. Jiwe moja moja, linaloanza ni lile lisilobeba jingine."

Dokta akasema, "Ndiyo hivyo." Akaangalia juu, na mimi nikaangalia alikoangalia. Kushuka kutoka juu maana yake lilipaswa kuondoka lile jiwe lililolala, na ukuta wa kulia, na pengine lile refu lenyewe. Ilikuwa ni kulibomoa lango.

Vijana wa ukoo wa Bibi Nyabweke walikuwa wameshafika. Mmoja akasimama mbele ya mawe na rungu. "Hapa hagusi mtu. Mliahidi."

"Kuna mtu chini," nikasema.

"Nani alimwambia aingie?"

Wakati huo Mchungaji naye akafika na waumini wake, anahema, na mkononi ana mtaimbo. Sijui alijua nini na hakujua nini. Alipoona lango limeinama alinyanyua mtaimbo juu akasema kwa sauti ya mimbari, "Leo Bwana ameamua! Lishusheni!"

Ndugu zangu, yale maneno. Kama angenyamaza dakika moja tu. Vijana wa ukoo walifunga safu, mawe mkononi. Upande wa pili wanaume wa kanisa nao wakaanza kuokota. Na sisi wachimbaji wa Dokta katikati, na chini ya miguu yetu mtu anakohoa. Nilisikia jiwe la kwanza linapita karibu na sikio langu. Dokta alisimama amenyoosha mikono pande zote mbili kama anayezuia ng'ombe, anarudia, "Jamani anapumua. Jamani anapumua."

Ndipo Bibi Nyabweke akafika. Alipanda bila fimbo. Watu wakamwachia njia, wa pande zote. Akaangalia lango, akaangalia mtaimbo wa Mchungaji, akauliza, "Ni nani huyo chini?"

Hakuna aliyetaka kuwa mdomo wa habari ile. Nikaona kandambili bado zipo, zimefunikwa vumbi, na yeye amezitazama.

"Ni Masatu, mama," nikasema.

Akapiga magoti. Kisha akalala, mama mzee yule, kifudifudi kwenye mawe, akaweka mdomo kwenye ufa. Akazungumza Kizanaki kwa sauti ndogo. Mimi ni mtu wa ziwani, Kizanaki nakisikia kidogo, na hata waliokuwa karibu hawakushika neno. Alizungumza, akatega sikio, akazungumza tena. Mmoja wa waumini akanong'ona, "Anatambika, anawaomba mizimu." Mchungaji akafumba macho akaanza kukemea chini chini.

Bibi alinyanyuka. Akafunga kitenge chake upya kiunoni. Akatembea mpaka kwenye ukuta wa kulia, akanyoosha mkono juu, akachukua jiwe moja, dogo, kama mkate. Akalibeba kwa mikono miwili, akaenda kuliweka mbali kwenye nyasi. Akarudi.

"Mnangoja nini? Anzeni juu."

Yule kijana wa rungu akaitupa, akapanda. Mchungaji akaanzisha wimbo wa ushindi, na Bibi akamgeukia. "Mchungaji, usiimbe. Beba."

Na Mchungaji akabeba. Nitamsifu kwa hilo mpaka nife. Aliweka mtaimbo chini, akavua koti, akasimama kwenye mstari.

Tulipanga mstari wa mikono. Wachungaji wa ng'ombe walikaa juu, maana wao ndio hurekebisha maboma ya mawe na wanajua jiwe lililokaa vibaya kwa kuligusa. Linatoka kwao, linapita kwa vijana wa ukoo, kwa wanakwaya na vitenge vyao, linafika kwenye nyasi. Jiwe lililolala tulilishusha kwa kamba za ng'ombe. Lile refu lilianza kuinama kuelekea shimoni, watu wakalikimbilia na magogo ya kuegemeza na mabega yao, na hapo sikuona tena nani ni wa nani. Niliona tu migongo.

Tulipofika usawa wa ardhi ukabaki udongo. Na hapo, chini ya msingi wa lango, nikaliona tabaka. Jeusi, la moto, limejaa mkaa na vigae, na ndani yake punje za nafaka zilizoungua. Nyumba. Nyumba iliyoungua kabla lango halijajengwa. Misimu yote ile Dokta alikuwa akitafuta kitu kimoja, nacho ni kujua kama watu walikuwa pale kabla ya kuta, na waliabudu pale au waliishi tu. Jibu lilikuwa mbele yangu, unene wa kiganja. Ndoo ikiwa mkononi nikasita. Nikamtazama.

Naye alikuwa ameliona. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi. Akasema, "Tupa."

"Dokta..."

"Tupa, Mama Bwire! Tupa!"

Ndiyo mara pekee aliyonipigia kelele. Nikatupa. Ndoo baada ya ndoo nikairusha ile nyumba nyuma ya bega langu, na yeye anairusha pamoja nami kwa mikono yake.

Kisha nikaingia kichwa mbele, wananishika miguu. Hapo hakuna jembe, hakuna mwiko, ni vidole. Nikagusa nywele. Nikafuata sikio, nikafuata shavu, nikafika mdomoni, umejaa udongo ulioporomoka tulipokuwa tunabomoa, nikautoa kwa kidole. Hakuvuta pumzi. Nikafukua chini ya shingo, kifuani, haraka, maana mtu aliyefukiwa kifua hata ukimpa hewa ya ulimwengu mzima hana pa kuiweka. Mkikumbuka jambo moja tu katika haya yangu, kumbukeni hilo: mdomo, kisha kifua, na usimvute. Kifua kilipofunguka akavuta pumzi kwa sauti kama mlango wenye kutu. Nikalia pale pale ndani, machozi yanamdondokea usoni.

"Mama Bwire," akasema, "hakuna fedha."

"Nyamaza, mpumbavu wewe," nikamjibu.

Mguu wake ulikuwa umebanwa na ulituchelewesha sana. Tulimtoa jua likiwa utosini. Tukambeba kwenye mlango ulioletwa kutoka kwa Bibi, tukampakia kwenye gari, mkewe amemshika kichwa, na gari likashuka taratibu kuelekea hospitali. Nyuma yake tulibaki kilimani. Watu wamekaa popote walipochoka, mikono inavuja damu, wamechanganyikana, wanapokezana dumu la maji. Dokta alikuwa peke yake kwenye rundo la udongo niliourusha. Alikuwa hachekechi. Ameushika tu kiganjani.

Nilikwenda kumwona Masatu hospitali siku iliyofuata. Mguu umefungwa, sauti bado haijarudi vizuri. Nikamuuliza lililokuwa linanisumbua. "Bibi yako alikuambia nini pale ufani? Wanasema alikuwa anatambika."

Akajiinua kidogo kwenye mto.

"Aliniuliza kama nimekunywa chai."

"Chai?"

"Alisema, Masatu, umetoka nyumbani umekunywa chai? Nikamwambia bado. Akasema, ulikuwaga hivyohivyo tangu mdogo, unatoka na njaa. Akasema, basi tulia, usijitingishe, nakwenda kukutolea hayo mawe halafu nakuchemshia." Akajifunika uso kwa mkono. "Mwaka mzima hatujasalimiana, Mama Bwire. Niko gizani, nakufa, na mimi nawaza chai."

Alivyopona mguu ulibaki mbovu. Aliacha ushemasi kwa aibu, Mchungaji akamrudisha. Kuhusu lango, kulikuwa na kikao kirefu. Dokta alisema michoro ipo, Mama Bwire amechora kila jiwe, tunaweza kulirudisha lilivyokuwa. Bibi Nyabweke akakataa. Alisema yale mawe yaliondolewa kwa sababu, na sababu haijafa, inatembea na fimbo pale senta. Yakae yalipowekwa. Mpaka leo ukipanda Ruhunga utakuta pengo upande wa machweo na mawe yamelala kwenye nyasi kwa mistari, kama watu walioketi. Ukoo wanaweka ulezi pale pale kwenye pengo. Ijumaa kwaya inapita katikati yake. Watalii wanapiga picha na kuuliza ni tetemeko? Na vijana wa hapo wanapanda kutafuta mtandao wa simu.

Dokta aliandika ripoti yake. Kuhusu ile nyumba iliyoungua aliandika kwamba ilionekana, na kwamba ushahidi wake haukuhifadhiwa. Hakuandika kwa nini. Nilimuuliza, akasema wanaosoma ripoti hawajawahi kumwona Masatu.

Msidhani mambo yaliisha vizuri kama hadithi za redioni. Haikupita miaka mingi, Dokta ameshaondoka, mimi nakaribia kustaafu, nikapigiwa simu na mkewe Masatu. "Mama Bwire njoo. Wamekuja watu na mashine ya kutafutia madini, wanachimba upande wa pili wa kilima, na mume wangu kapanda peke yake."

Nilipanda bodaboda mpaka mguu wa kilima, nikapanda kwa miguu mapafu yanaungua. Nikawakuta wanaume watano, wageni, wenye sururu, na shimo limeshaanza kuingia chini ya ukuta. Na ukingoni mwa shimo, kati yao na ukuta, alikuwa amesimama Masatu na fimbo yake. Alikuwa amelipa shimo mgongo. Jasho linamtiririka kama mgonjwa wa malaria.

"Ondoka mzee, tutakuumiza," mmoja akamwambia.

"Niumizeni," akasema. "Huko chini hakuna kitu. Mimi nimefika. Nimekaa huko nimetafuta, hakuna."

Wakacheka, lakini hawakusogea mbele. Kuna namna mtu akisema kitu alichokiona, hata mhuni anakijua. Aliponiona hakugeuza kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Bwire, fukia. Mimi siwezi kuliangalia."

Nikachukua koleo lao wenyewe. Nikaanza kurudisha udongo, nyuma ya mgongo wake, na wale watano wanatutazama, hawajui wampige mama mtu mzima au mlemavu. Wanakwaya wawili walikuwa wameshafika, wakainama wakaanza kusukuma udongo kwa mikono. Wale wageni wakatukana, wakapakia mashine yao, wakaanza kushuka mmoja mmoja. Masatu hakugeuka hata walipokwisha kuondoka.

"Bado?" akaniuliza.

"Bado."

Nikaendelea. Mgongo unaniuma, mikono imepasuka.

"Bado?"

"Bado kidogo."

Nikasawazisha, nikashindilia kwa miguu, nikakanyaga mara nyingi kuliko inavyohitajika, ili asikie.

"Tayari," nikamwambia.

Ndipo akageuka.